Jina Alilopewa Cornel

Sanyuanli, Guangzhou
8 Novemba 1998

Mke wangu Mama Agape,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na moyo mpana, maana moyo mpana utauhitaji. Sitakuja Krismasi. Nimeona nikuambie hapa juu kabisa ili usisome ukurasa mzima ukitafuta tarehe ya safari.

Mizigo haina tatizo. Jeans za watoto na zile blauzi ulizoziagiza nimezipata barabara ya Zhanqian, kwa yule laobani, mwenye duka mwanamke tuliyezoea kununua kwake, ambaye siku hizi ananiona kwa mbali na kupiga kelele "Tansania!" mpaka duka zima linageuka. Mwenzangu wa biashara Jovin anarudi nyumbani wiki ijayo na ndiye atakayekuletea barua hii.

Kinachonizuia siyo biashara. Nimeanza kuandika tena. Unakumbuka tangu tulipofungua duka sikuwahi kuitungia kwaya hata wimbo mmoja? Sasa mistari inakuja nikiwa njiani, nikiwa kwenye foleni ya wasafirishaji, hata nikiwa nabishania bei. Nakuandikia ubeti mmoja tu, Mwalimu wa kwaya akiupenda nitaleta nyingine:

Nimefika mlangoni, viatu nimevivua,
Sina mzigo kichwani, vyote nimeshavitua,
Niite jina la ndani, ambalo sikulijua,
Mai, niweke pembeni, nipate kukutambua.

Usiniulize kwa sasa. Nikijaribu kueleza nitaharibu. Mwambie Agape baba anampenda, na viatu vyake vya kung'aa viko kwenye mfuko wa bluu.

Wako,
Cornel


Bukoba
17 Januari 1999

Baba Agape,

Shikamoo. Tumevuka mwaka salama. Viatu vimembana Agape lakini anavivaa hivyo hivyo, hataki kusikia la mtu.

Shairi lako limeimbwa. Mwalimu wa kwaya alilipenda, akalitilia sauti, na likaimbwa mkesha wa Krismasi wakati wa komunyo. Mama Felisia aliyefiwa na mwanawe alilia mpaka tukamtoa nje. Padri aliuliza pale pale altareni nani katunga. Nikasema ni mume wangu, yuko China. Nilijivuna, sitaficha.

Ila kuna neno nililibadilisha. Kwenye mstari wa mwisho umeandika "Mai". Hakuna aliyejua maana yake. Mwalimu akaniuliza, nikamjibu labda mkono uliteleza, ulitaka kuandika Bwana. Basi tukaimba "Bwana, niweke pembeni." Mizani haikupotea.

Sasa nakuuliza wewe. Mai ni nani?

Jovin alipoleta mizigo nilimpa chakula, akala akiangalia sahani tu. Nikambana. Akasema, "Shemeji, mimi sijui mengi, ila kila Alhamisi anaoga mapema, anavaa shati jeupe, anakwenda nyumba ya Mhindi mmoja barabara ya Huanshi. Anarudi hasemi na mtu." Nikamuuliza kuna mwanamke? Akasema, "Mwanamke yupo," halafu akasema amechelewa.

Mimi siyo mtoto. Niandikie kwa maneno ya kawaida, usiniandikie kwa beti.

Herieth


Sanyuanli, Guangzhou
20 Februari 1999

Mama Agape,

Jovin ni mjinga lakini siyo mwongo. Mwanamke yupo. Ni ajuza, nywele zake zote nyeupe, ni Mhindu, na anaitwa Mai Jamna; Mai kwao ni mama. Soko limefungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya wao, mji mzima umenyamaza, kwa hiyo nina nafasi ya kukueleza yote.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda kutafuta vitambaa kwa Mgujarati mmoja anayesafirisha nguo, jina lake Kirit. Ofisi yake iko humo humo anamoishi. Nikabisha, nikasema hodi kwa mazoea tu, na kutoka chumba cha ndani sauti ya kike ikajibu, "Karibu! Nani huyo?" Kwa Kiswahili, Herieth! Kiswahili safi cha Tanga, hapa Guangzhou! Nikasimama kama mtu aliyeitwa na mama yake aliyekwisha kufa.

Akatoka taratibu akishika ukuta. Akanitazama kwa muda mrefu, macho yakajaa machozi, akasema, "Pandu, umekuja." Nikamwambia mimi naitwa Cornel. Akatikisa kichwa. "Pandu," akasema, "kaa."

Nikakaa. Kirit aliniambia mama yake alizaliwa Tanga, baba yake alikuwa na duka la nguo, na walihamia India yeye akiwa tayari na watoto. Mumewe alipofariki alinyamaza mwaka mzima bila neno. Alipofungua kinywa aliimba. Tangu hapo watu wa Rajkot, mji wao huko India, na vijiji vyake wakawa wanakuja kukaa miguuni pake. Tangu Kirit amlete hapa, Wahindi wafanyabiashara wa hapa wanamjua, ndio wanaokuja Alhamisi jioni baada ya kufunga ofisi. Anaimba, kisha katikati ya wimbo anakatika, macho wazi, hayupo. Uso wake unang'aa hata unaona aibu kuutazama. Wanasema wakati huo yuko kwa Mungu wake.

Siku moja nilimuuliza, "Mai, nifanye nini nimwone Mungu?" Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akanikatia chapati kwa mkono wake. Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi. Nahisi mapadri wote niliowasikiliza hawakunipa kitu kama kile.

Unataka maneno ya kawaida: mimi ni mwanafunzi wake. Hakuniambia niache Kanisa. Jumapili naenda kwenye kanisa la Kikatoliki la hapa, lile la mawe, nakaa nyuma, na nikifumba macho kusali namwona yeye. Sijui kama ni dhambi. Nikiwa kwake namkumbuka Bikira Maria. Nikiwa kanisani namkumbuka yeye. Sijui niko wapi.

Kirit anafikiria kumrudisha Rajkot. Nataka kumfuata, mwaka mmoja tu. Naomba ruhusa yako.

Cornel


Bukoba
3 Aprili 1999

Cornel,

Nimesoma barua yako mara nyingi, mara ya mwisho nikiwa nimejifungia stoo ya duka ili Agape asinione.

Angekuwa msichana ningejua la kufanya. Ningelia, ningewaita wazee wa ukoo wako, ningepanda ndege nije nimvute nywele. Lakini bibi kizee anayekukatia chapati nimfanyeje? Nimshtaki kwa nani?

Unaomba ruhusa ya mwaka mmoja kwa mke ambaye umeshamwacha mwaka. Agape sasa akiulizwa baba yuko wapi anajibu, "Kwenye simu."

Na kuna hili. Padri anataka kuupeleka wimbo wako jimboni, uimbwe kwenye misa ya Askofu ya kubariki mafuta mwakani. Kila akinikuta ananishika mkono na kusema una neema. Mimi nacheka kwa midomo. Nimwambie kwamba "Bwana" nimemtia mimi kwa kalamu yangu, na uliyemwimbia amekaa ghorofani China? Au ninyamaze, watu waendelee kulizwa na wimbo usio wao? Maana Mama Felisia amepona kidogo tangu siku ile, Cornel. Anakula. Sasa huko ni kupona kwa nani?

Ruhusa sitoi. Wala kukuzuia sijui nitakuzuiaje.

Herieth


Sanyuanli
22 Mei 1999

Maman Agape,

Jambo sana. Miye ni Brigitte, mama wa Bukavu, nakaa mulango ya pili na ya bwana yako. Utanisamehe Kiswahili yangu, haiko kama yenu ya Tanzania. Nanunua vitenge hapa, na vita ya kwetu imenifungia njia, basi niko tu hapa, na ninaona mambo. Adresi yako nimepewa na Jovin.

Bwana yako haiko mugonjwa, na bibi mwingine hana. Lakini hayuko muzuri. Nakuambia vile nilivyosikia kwa mdomo yake.

Ile maman Muhindi alianguka. Mutoto wake Kirit akamupeleka kwa docteur, wakapiga picha ya kichwa. Docteur akasema ni ugonjwa ya wazee, akili inaenda pole pole, imeanza zamani. Kirit akamuita bwana yako, akamuambia kwa upole, "Cornel, ndugu yangu, lazima ujue. Pandu si jina ya kiroho. Pandu alikuwa mufanyakazi wa duka ya babu yangu kule Tanga. Alikuwa anamubeba mama kwa mabega akiwa mutoto. Walipoondoka, Pandu alibaki bandarini, hakuonekana tena. Mama anakuona mutu mweusi anasema Kiswahili, anazani ni yeye."

Maman, bwana yako alirudi hapa, akakaa kwa ngazi mbele ya mulango yangu. Nikamuuliza, "Papa Agape, kuna nini?" Akasema, "Brigitte, nilifikiri amenipa jina."

Sasa haendi sokoni. Chakula nikimupa anaonja tu. Lakini ile nyumba bado anaenda, na sasa anaenda kila siku! Anakata tangawizi ya chai yake, anamushika yule mama mukono akienda choo. Nikamuuliza, "Kama si mutakatifu, ni muzee tu aliyepotea, unaendea nini?" Akanijibu, "Sijui. Labda wakati anakatika katikati ya wimbo alikuwa kwa Mungu, labda ilikuwa ugonjwa. Sijui tofauti." Miye pia sijui. Kwetu nimeona wote wawili, wenye Mungu na wenye kupotea, na mara ingine ni mutu mumoja.

Viza yake inaisha mwezi ya saba. Kuja, Maman. Barua haitoshi kwa mambo kama haya. Utalala kwangu kama hutaki kulala kwake.

Brigitte


Bukoba
11 Julai 1999

Mama Agape,

Nimefika. Ni ajabu kuandika neno "Bukoba" juu ya barua, na kuandika "Guangzhou" kwenye bahasha, na jina lako chini yake. Siku zile chache tulizokuwa pamoja pale chumbani tulisema mengi kuhusu maboksi na viza na ni nani abaki kumalizia mizigo, na juu ya lile jambo hatukusema kitu. Uliponisindikiza stesheni ya treni nilitaka kusema. Ukaniambia, "Panda, utaachwa." Nikapanda.

Agape hakunikimbilia. Alisimama nyuma ya dada yako Agripina, akaniamkia kwa adabu kama mgeni wa parokia. Jioni alinisogelea akanigusa ndevu, akaondoka. Leo asubuhi amekuja kukaa nami nje. Nimefurahi kiasi ambacho sikukitegemea, na wakati huo huo nilikuwa najiuliza nani anamkatia Mai tangawizi. Ndivyo nilivyo. Nusu yangu haiko popote nilipo.

Jumapili kwaya waliimba. Walinitaka nisimame mbele nikakataa. Nilisikia maneno yangu, na "Bwana" wako ndani yake, na nilijaribu kumtafuta niliyemwandikia. Sikumpata Mai pale. Na Bwana, niseme ukweli, sikujua kama niliyemsikia ni yeye au ni ile sauti ya pili ya akina mama tu. Baada ya misa nikamfuata Padri sakristia, nikamweleza yote, kuanzia hodi niliyopiga kwa Kirit. Alikuwa akivua stola shingoni, akabaki ameishika.

"Kwa hiyo ulimtungia mwanamke wa dini nyingine," akasema.

"Ndiyo, Padri."

"Na huyo mwanamke hakujui wewe ni nani."

"Hanijui."

Akakaa. Akasema wimbo hautakwenda jimboni, na nisiguse kwaya mpaka atakaponiambia. Nilikuwa tayari kwa hilo. Lakini nilipofika mlangoni akaniita, akauliza, "Ule ubeti, ulipouandika, ulimtaka Mungu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mimi sijui nikufanyeje," akaendelea kukunja stola.

Sikumuaga Mai. Kirit alisema nisimuage, atachanganyikiwa. Nilijilaza tu kwenye mkeka wake dakika chache nikaondoka kama ninayekwenda dukani. Naomba usiende kule. Hapana. Nenda. Usimwambie lolote baya. Mwone tu kama anakula.

Cornel


Sanyuanli, Guangzhou
29 Julai 1999

Baba Agape,

Mizigo imefungwa na imekabidhiwa. Brigitte amenifundisha kusema "hakuna" kwa Kichina, meiyou, nami nawarudishia wenyewe wanapotaka kuniongezea bei. Hayo tutayazungumza nyumbani.

Nilikwenda. Sikwenda kwa sababu umeniomba. Barua yako ilinikuta nimeshakwenda.

Tangu siku uliponiandikia habari za yule mama nilikuwa na maneno yangu tayari. Niliyapanga nikiwa dukani, nikayapanga tena ndani ya ndege. Nilitaka aniulize tu, "Wewe ni nani?" nimjibu, "Mimi ndiye mke wa Cornel. Huyu unayemwita Pandu ana jina alilobatizwa nalo, ana mke na mtoto." Basi. Nilitaka alisikie jina lako kwa sauti yangu, alijue.

Kirit alinifungulia. Ni mtu mwungwana, amechoka. Aliposikia mimi ni nani aliinamisha kichwa akasema, "Dada, nisamehe." Nikamwambia sikuja kwake.

Mai alikuwa amekaa kwenye godoro karibu na dirisha, sari nyeupe, mdogo kuliko nilivyomfikiria, Cornel, mdogo kama Agape. Mashavu yamebonyea. Udi ulikuwa unafuka. Nilisimama, na nitakwambia ukweli, sikuvua viatu.

Akanitazama. Akauliza kwa Kiswahili kile kile ulichosema, "Wewe nani?"

Nikajibu vile vile nilivyopanga. "Mimi ndiye mke wa Cornel."

"Cornel nani?" akauliza.

Nilikuwa nimekuja kulitamka jina lako kama mtu anayetupa jiwe, likaanguka pasipo na kitu. Hakuwa anakataa. Hakuwa anajifanya. Alinitazama kwa adabu, kama mwenye nyumba anayeogopa amesahau mgeni. Midomo ikaanza kumcheza. Akageukia mlangoni, akarudi kwangu, akasema, "Pandu harudi? Leo siku nyingi. Nani atafunga duka? Pandu harudi?" Akaanza kulia bila sauti. Kirit akasema kwa Kigujarati kitu cha kumtuliza, hakikusaidia. Akaniambia pembeni amekuwa hivyo tangu ulipoondoka, hali chochote ila maji ya wali.

Sijui nani alivua viatu vyangu. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye lile godoro na mkono wake uko ndani ya mikono yangu, una mifupa kama ya ndege. Nikasema, "Mama, Pandu amekwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa mtoto wake."

Akaacha kulia. "Pandu ana mtoto?"

"Msichana. Mkorofi. Anavaa viatu vinavyombana."

"Na mama wa mtoto?"

Baba Agape, nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya. Kirit alikuwa ananitazama. Nikasema, "Ni mimi, Mama. Mimi ndiye mke wa Pandu."

Sijawahi kuona uso ukifunguka namna ile. Akapiga kigelegele! Kwa sauti ile nyembamba, kigelegele cha harusi, mpaka Mchina wa ghorofa ya juu akagonga sakafu. "Pandu ameoa! Nilimwambia, kila siku nilimwambia, Pandu, nenda kwa watu wako, duka halitakuzalia watoto. Hasikii!" Akamwamuru Kirit alete sukari. Akanitia mdomoni kwa vidole vyake. Kisha akadai kikopo cha unga mwekundu cha mkewe Kirit, ule ambao kwao hupakwa mwanamke mwenye mume. Kirit aliniambia tangu baba yake afariki mama yake hajakigusa kitu kile. Akachovya kidole akanipaka hapa, katikati ya paji la uso, akanishika kichwa na kuimba.

Nilikaa pale. Rozari ilikuwa mfukoni nikaishika. Nilisali yangu, yeye akaimba yake. Katikati akakatika kama ulivyosema, macho wazi. Nilimtazama karibu kabisa, maana alikuwa bado amenishika. Nilitaka kujua kwa niaba yako kama ni Mungu au ni ugonjwa. Sijajua. Nilichoona ni kwamba hakuwa na hofu hata kidogo, na mimi pia kwa muda ule sikuwa nayo. Niliposoma habari zake kwenye barua yako nilifikiri umepumbazwa. Sasa sijui nifikiri nini, na sitaki unielezee, usije ukaharibu.

Alipozinduka alikula wali. Alikula mwingi.

Kirit anampeleka Rajkot Jumamosi. Hatutamwona tena, wewe wala mimi. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Niliteremka ngazi, nikatoka barabarani Huanshi saa ya watu kutoka kazini. Wachina walinikodolea macho, Wahindi wawili wakaniinamia vichwa, na mama mmoja wa Kikongo akacheka wazi wazi kuona Mwafrika na rangi ya Kihindu usoni na msalaba shingoni. Nilikuwa na leso mkononi. Nilitembea kwa miguu njia yote hadi Sanyuanli, jasho likinitiririka na ile nyekundu ikinishukia puani, na sikuifuta. Brigitte alinifungulia mlango akauliza, "Maman, ni nini hiyo?"

Nikampita, nikaingia ndani nikakaa nayo usoni.

Mkeo,
Herieth